Vifaa vya kuanzia kutengeneza gari nyumbani: ninunue sanduku zima au kimoja kimoja?

Mwalimu_Isamilo aliandika:

Ndugu zangu, habari za jioni. Ninaishi Isamilo hapa Mwanza, na tangu mwaka jana ninatumia Toyota IST ya mwaka 2004 yenye injini ya cc 1,300. Mpaka sasa kila jambo, hata kufunga betri, nimekuwa nikilipeleka gereji. Mara ya mwisho nilipokwenda kumwaga oili, kijana aliyepewa kazi aliifungua bolti ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) kwa spana malaya, ile ya mdomo unaorekebishwa, ikateleza mara mbili nikiwa nimesimama palepale, na kichwa cha bolti kikaliwa pembe. Alipomaliza aliikaza kwa spana ileile akiwa ameuma meno. Nililipa nikaondoka, lakini njia nzima nilikuwa nikiwaza namna bolti ile itakavyofunguka safari ijayo.

Nimeamua kazi ndogo nizifanye mwenyewe, nazo ni kumwaga oili na kubadilisha chujio lake, kubadilisha plagi, breki pedi za mbele, betri na tairi. Injini na giaboksi sitazigusa. Nimetenga shilingi 300,000 kwa ajili ya vifaa. Katika duka moja kule Makoroboi nimeonyeshwa sanduku lenye vipande 108, kila kipande kimelala mahali pake na kung'aa, na bei yake inakaribia kumaliza fedha yangu yote. Muuzaji anasema nikilichukua hilo sitanunua tena spana maishani. Je, ninunue sanduku hilo, au ninunue kimoja kimoja, na kama ni kimoja kimoja, nianze na kipi? Nitaje pia kwamba uwanja wa nyumba yangu una mteremko na mawe, kama zilivyo nyumba nyingi za huku mlimani.

Fundi_Nyakato alijibu:

Mwalimu, habari yako. Nimefanya kazi ya ufundi magari tangu mwaka 1991 na vijana wengi wamepita mikononi mwangu, kwa hiyo naomba univumilie nikiandika kwa kirefu, maana jambo hili la vifaa ndilo ninalogombana nalo na wanafunzi wangu kila mwaka.

Sanduku hilo liache. Ukivihesabu vipande vyake 108 kwa utulivu utakuta sehemu kubwa ni vichwa vidogo vya bisibisi, soketi za milimita 4, 5 na 6 ambazo gari lako karibu halina mahali pa kuzitumia, na funguo za aleni za ukubwa ambao hutauhitaji. Gari lako ni la Kijapani, na Toyota wa aina hiyo wanarudia namba chache mno. Nati za teminali za betri ni 10, yaani milimita 10. Bolti zinazoshika koili juu ya plagi ni 10. Bolti ya sampu, ile iliyoliwa, ni 14. Bolti za kaliper ya mbele, ile inayobana pedi za breki, utazifungua kwa 12 au 14, na ile mikono mikubwa inayobeba kaliper kwa 17. Nati za tairi ni 21. Ongeza 8 na 19, kisha ongeza soketi ndefu ya plagi ya milimita 16, na hapo kazi zote ulizozitaja umezimaliza. Namba kama 13, 15 na 18 ambazo zimejaa kwenye sanduku hutazigusa. Fedha ambayo ingenunua vipande 108 vya wasiwasi inatosha kununua vipande kumi na vitano vya uhakika.

Anza na spana zenye ringi upande mmoja na mdomo wazi upande wa pili, kuanzia namba 8 hadi 19. Upande wa ringi ndio wa kufungulia na wa kukazia mwisho, kwa sababu unaikumbatia nati pande zote. Mdomo wazi ni wa kuzungushia nati ikiwa imekwisha kulegea. Utaona mdomo haukunyooka na mpini, umekaa kwa pembe ya nyuzi 15, na haukutengenezwa hivyo kwa ajili ya urembo. Mahali pa kubana, ambapo mpini hauna nafasi ya kuzunguka, unasogeza nati kidogo, unaigeuza spana juu chini, na mdomo unaikamata tena nati mahali ambapo mwanzo usingeweza kuikamata. Kijana akilielewa hilo siku ya kwanza, anaacha kulazimisha.

Upande wa soketi, au boksi kama wengi wetu tunavyoziita, chagua zenye pembe sita ndani na uziache zenye pembe kumi na mbili. Yenye pembe kumi na mbili huingia kwa urahisi kwa kuwa ina mahali pengi pa kukaa, lakini inaisukuma nati karibu na kona zake, na kona ndizo zinazoliwa. Yenye pembe sita inasukuma kwenye ubapa wa nati. Kwa nati mpya huenda usione tofauti, lakini kwa bolti yako iliyokwisha kujeruhiwa, tofauti ndiyo hiyo ya kufunguka au kutofunguka.

Soketi hukaa kwenye mpini wenye mraba, na mraba huo kwa magari madogo huwa wa ukubwa wa aina tatu: robo inchi, tatu kwa nane, na nusu inchi. Mara nyingi dukani utapewa nusu inchi bila kuulizwa. Mimi ningekushauri uchukue racheti (mpini unaokaza upande mmoja na kurudi bila kuivua soketi) na soketi za tatu kwa nane kwa kazi za boneti na breki, kisha ununue peke yake soketi ya 21 ya nusu inchi pamoja na mpini mrefu usio na racheti kwa ajili ya nati za tairi. Racheti si ya kufungulia kitu kilichogoma. Ndani yake mna meno madogo na kikucha kimoja au viwili tu vinavyobeba nguvu yako yote. Ukiining'inia, kikucha kinavunjika na mkono wako unakwenda kugonga chuma. Legeza kwa mpini mrefu, kisha malizia kwa racheti. Unapoichagua, izungushe polepole karibu na sikio. Yenye meno 72 inakamata kila baada ya nyuzi 5, ya meno 24 inahitaji nyuzi 15, na pale nyuma ya injini nafasi ya nyuzi 15 mara nyingine haipo.

Sasa namna ya kukagua dukani, maana neno Cr-V, yaani chuma chenye kromu na vanadiamu, siku hizi linagongwa hata kwenye vitu ambavyo havina vanadiamu kabisa. Nenda na bolti mpya yenye kichwa cha 14, umeifuta vizuri. Ivalishe soketi, kisha jaribu kuizungusha huku na huku kwa vidole viwili. Ikicheza kiasi cha kuuona mwanga pembeni mwa bolti, irudishe. Tazama pia ukingo wa mdomo wa soketi: nyingine zimechongwa mteremko mkubwa kwa ndani ili ziingie kirahisi, kiasi kwamba milimita mbili za kwanza hazishiki kitu chochote, na bolti nyingi za gari vichwa vyake ni vifupi. Ukikutana na spana za mtumba za KTC kutoka Japani, au Hazet na Gedore za Ujerumani, ambazo mdomo wake haujapanuka, zichukue hata kama zimekwaruzika na hazing'ai.

Bisibisi usizisahau, na hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wengi hawalijui. Skrubu za nyota za Kijapani hazikuchongwa sawasawa na zile za nyota za kawaida, na nyingine utazitambua kwa kitone kidogo kilichogongwa kwenye kichwa. Bisibisi ya kawaida ncha yake haifiki chini, kwa hiyo ukikaza mkono inapanda juu na kula skrubu. Tafuta bisibisi iliyotengenezwa kwa skrubu za Kijapani, namba 2 na namba 3. Hiyohiyo itafanya kazi na zile nyingine. Ongeza plaizi moja ya kawaida, nyundo ya mpira, brashi ya waya, na klampu ya seremala ya kurudishia pistoni ya breki, ambayo utaiwekea pedi kuukuu katikati ili usiijeruhi pistoni.

Spana malaya iachie mabomba ya maji.

Mama_Probox alijibu:

Shikamoo mzee wetu wa Nyakato, na wewe mwalimu nakusalimu. Mzee amesema vizuri sana kuhusu spana, lakini mimi naomba shilingi ya kwanza katika hizo 300,000 isiende kwenye spana. Iende kwenye stendi mbili za kuegemezea gari.

Mimi ninabeba dagaa na samaki kutoka soko la Mwaloni Kirumba kwa gari langu la Toyota Probox, na pedi za breki ninabadilisha mwenyewe kwa sababu gari likilala gereji siku mbili mzigo unaoza. Mwaka 2019, nikiwa nyumbani Pasiansi siku moja baada ya mvua, niliinua upande wa mbele kwa jeki ya kwenye buti, nikavua tairi na kuanza kazi. Ardhi ilikuwa inaonekana ngumu juu, kumbe chini imelowa. Nilisikia mlio mdogo kama wa kijiti kinachovunjwa, jeki ikainamia upande, gari likaja mbele na kushuka. Kilichoniokoa ni desturi ya marehemu baba yangu ya kulaza tairi lililovuliwa chini ya gari, ubavuni, kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Gari lilitua juu ya tairi, na mkono wangu ulikuwa katika nafasi iliyobaki kati ya diski na ardhi. Rimu ilipinda. Mkono haukuguswa.

Jeki ya kwenye buti ni ya kubadilishia tairi na kuondoka. Mtu asiingize hata kiwiko chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata iwe ile kubwa ya maji yenye magurudumu, kwa sababu nayo ina mpira ndani unaoweza kuvuja bila kutoa ishara. Stendi za tani mbili zinatosha kwa IST, ambayo uzito wake ni takribani tani moja. Ziweke chini ya ukingo ulioimarishwa, pale penye alama mbili nyuma ya gurudumu la mbele, na chini yake tandika ubao mnene ikiwa ni udongo. Najua huko mlimani mawe yapo ya kila umbo na yanashawishi. Jiwe ni zuri sana kwa kuzuia gurudumu lisizunguke. Halifai hata kidogo kubeba gari, na tofali ndilo baya zaidi, kwa kuwa linapasuka lote kwa mara moja.

Kuhusu mteremko, tafadhali usiinue gari hapo. Tafuta mahali tambarare hata kama ni kwa jirani. Watu huweka giaboksi kwenye P, yaani ya kuegesha, wakadhani wamemaliza, lakini IST ya kawaida inavutwa na magurudumu ya mbele, na P inayazuia hayohayo ya mbele. Ukiyainua juu, kinachobaki kulishika gari ni breki ya mkono ya magurudumu ya nyuma tu, na ya gari la mwaka 2004 unaijua mwenyewe ilivyo. Weka mawe mbele na nyuma ya matairi yote mawili ya nyuma. Nati za tairi zilegeze kidogo tairi likiwa bado linakanyaga chini, ndipo uinue.

Jambo jingine ni la sisi tunaobeba samaki, lakini linaweza kukuhusu kama gari lako lilitumika hivyo kabla hujalinunua. Maji ya ziwa letu hayana chumvi na hayali gari kama ya pwani. Barafu na maji ya samaki yanayotiririka kwenye sakafu, na zaidi ya hapo chumvi ya kayabo, yaani samaki waliokaushwa kwa chumvi, hayo ndiyo yanayokula bolti za chini. Bolti ya namna hiyo usiivamie. Isugue kwa brashi ya waya, ipulizie oili ya kulegezea kutu jioni, na uirudie asubuhi.

Kijana_Igoma alijibu:

Ninaomba kutofautiana kidogo na mzee wangu kwa heshima. Nilinunua sanduku la vipande 94 miaka mitatu iliyopita na sijalijutia. Ni kweli racheti yake ilikufa mwaka wa kwanza na soketi ya 10 imepasuka, lakini kwa mtu anayeanza, kule kila kitu kuwa na nafasi yake kunamfundisha utaratibu, na jioni unapofunga sanduku unaona mara moja kilichosahaulika ndani ya injini. Isitoshe, si wote tuna Toyota. Shemeji yangu ana Volkswagen, na huko 13, 15, 16 na 18 ndizo zinazofanya kazi, pamoja na vile vichwa vya nyota yenye pembe sita vinavyoitwa Torx, ambavyo kununua kimoja kimoja ni gharama.

Fundi_Nyakato alijibu:

Kijana wangu, kwa Volkswagen nakubaliana nawe bila kusita, na hoja ya kuona kilichosahaulika ni hoja nzito. Mimi mwenyewe niliwahi kuisahau spana ya 12 juu ya injini ya mteja ikaenda nayo mpaka Shinyanga. Lakini umetaja mwenyewe kwamba vilivyokufa ni racheti na soketi ya 10, yaani vile viwili vinavyotumika kuliko vyote. Vilivyobaki vizima ni vile ambavyo hukuvigusa. Utaratibu unaweza kuupata kwa kitambaa kizito cha turubai kilichoshonwa mifuko, ambacho fundi cherehani atakushonea kwa muda mfupi. Kila spana iwe na mfuko wake, na mfuko mtupu utaonekana.

Mwalimu_Isamilo aliandika:

Nawashukuru sana nyote, na Mama, habari ya mkono wako imenifanya nibadilishe mpangilio wa bajeti palepale. Nimepiga hesabu: stendi mbili, jeki ya maji, spana za 8 hadi 19, soketi za pembe sita, racheti, mpini mrefu na bisibisi mbili vinaimaliza fedha, na kinabaki kidogo cha oili na chujio. Linalonisumbua ni kwamba nimesoma kwamba bolti ya sampu ya injini yangu inakazwa kwa takribani Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 37 na nati za tairi kwa Nm 103, na spana ya kupimia nguvu ya kukaza sina uwezo nayo kwa sasa. Je, nikikaza kwa kukadiria mkono nitaharibu?

Fundi_Nyakato alijibu:

Ningesema mkono unatosha, ningekuwa ninakudanganya, kwa sababu mkono wangu una zaidi ya miaka thelathini ya kazi na wako hauna hata wiki. Anayeanza hukosea kwa namna moja karibu kila mara: vitu vidogo anavikaza kupita kiasi na vikubwa anavikaza pungufu. Bolti ya sampu inaingia kwenye uzi ambao ukiliwa mara moja, utatengenezwa kwa gharama kubwa kuliko vifaa vyako vyote. Plagi zinaingia kwenye aluminiamu, ambayo ni laini. Hizo zianze kwa vidole mpaka zikae, kisha fuata kipimo cha mzunguko kilichochapishwa kwenye boksi la plagi zenyewe. Spana ya kupimia utainunua baadaye, na utakapokuwa nayo usiifungulie kitu chochote, na kila ukimaliza irudishe kwenye kipimo chake cha chini kabisa ili springi yake isichoke. Kwa sasa nenda polepole, na nati za tairi zikague tena baada ya kuendesha kilomita 50 hivi.

Mama_Probox alijibu:

Mwalimu, mizani ya samaki unayo? Ile ya kuning'iniza, yenye ndoano chini na uso wa saa. Sisi pale Mwaloni tunazo kila kona, na mimi nati zangu za tairi ninazikaza kwa hiyo. Ninafunga kamba kwenye mpini, ninaitundika ndoano kwenye kamba, kisha ninavuta mizani badala ya kuvuta mpini, mpaka mshale ufike ninapotaka. Hesabu yake alinipa mtoto wangu wa sekondari, na mzee atanisahihisha kama imekosewa.

Fundi_Nyakato alijibu:

Haikukosewa, mama, na ninasikitika kwamba kwa miaka yote hii sikuwahi kuwafundisha wanafunzi wangu jambo hilo. Nguvu ya kukaza ni uzito unaovuta, mara umbali kutoka katikati ya bolti hadi pale kamba ilipofungwa. Kilo moja ni takribani nyutoni 9.8. Kwa hiyo, mwalimu, pima kwa rula sentimita 40 kutoka katikati ya soketi na ufunge kamba hapo. Mizani ikisoma kilo 26, umefika takribani Nm 102, ambayo kwa nati za tairi za IST ni pale panapotakiwa. Kwa bolti ya sampu, funga kamba kwenye sentimita 25 na uvute hadi kilo 15, utapata takribani Nm 37.

Kuna masharti matatu. Kamba ivute kwa pembe mraba na mpini, kwa sababu ukivuta kwa mshazari mizani itasoma nguvu nyingi lakini bolti itapata chache. Vuta taratibu bila kushtua, maana ukishtua mshale unaruka na bolti inakazwa kupita ulichokisoma. Na uzi uwe safi na mkavu, kwa kuwa uzi wenye oili unateleza na bolti inakazika zaidi kwa nguvu ileile. Mizani yenyewe ijaribu kwanza kwa ndoo yenye maji lita 20 ambayo umekwisha kuipima ikiwa tupu. Maji hayo yana kilo 20, na mizani isiyoyasoma hivyo usiitumie.

Jambo la mwisho kwako, ile bolti ya sampu iliyoliwa usiirudishe. Nunua mpya pamoja na wosha yake kabla hujamwaga oili, siyo baada ya kuimwaga. Oili chafu ikingie kwenye beseni na uihifadhi kwenye dumu. Watu wanaimwaga mtaroni, mtaro unaingia mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani tunamokunywa.

Mwalimu_Isamilo aliandika, baada ya wiki mbili:

Shikamoo mzee, na salamu kwako Mama. Ninaleta mrejesho kama nilivyoahidi moyoni.

Vifaa nilivinunua katika maduka matatu tofauti, nikitembea na bolti ya 14 mfukoni. Duka la kwanza soketi tatu zilicheza kama mzee alivyoeleza, na muuzaji aliponiona ninainua soketi kwenye mwanga aliingia ndani akatoka na nyingine iliyofungwa kwenye karatasi ya mafuta, ambayo haikucheza. Ndiyo niliyoichukua. Racheti niliyoipata ina meno 72. Bisibisi ya Kijapani namba 3 sikuipata, nimepata namba 2 tu.

Jumamosi gari nililipeleka kwa jirani mwenye uwanja wa saruji, nikazuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, nikainua mbele na kuweka stendi zote mbili, kisha nikalisukuma gari kwa bega kabla ya kuingia chini yake. Halikutikisika. Bolti ya sampu ilikuwa imebaki na pembe nne tu za kuaminika. Niliisugua kwa brashi ya waya, nikaivalisha soketi na kuigonga kwa nyundo ya mpira mpaka ikakaa hadi mwisho, nikavuta mpini mrefu kwa mikono miwili. Haikusogea. Nikapumzika, nikagonga tena, nikavuta tena, na mara hii ilitoa mlio mkavu ikazunguka robo. Wosha ya zamani ilikuwa imebanwa ikawa nyembamba kama karatasi upande mmoja.

Bolti mpya niliianza kwa vidole, na ilipokaa nikafunga kamba kwenye sentimita 25. Mke wangu aliusoma mshale kwa sauti nikiwa nimelala chini: kumi, kumi na mbili, kumi na nne, kumi na tano. Ningetumia mkono wangu peke yake, ningeendelea kukaza, kwa sababu mkono uliniambia bado. Oili iliyoingia pamoja na chujio jipya ni lita 3.7.

Mama_Probox alijibu:

Hongera sana, mwalimu. Kabla ya breki pedi, zikague pini za stendi kama zimepinda. Na bolti haikutoa tone?

Mwalimu_Isamilo alijibu:

Nilitandika kipande cha boksi jeupe chini yake usiku kucha, na asubuhi nilikikuta kikavu. Pini nazikagua leo jioni.